Kuirekebisha Baiskeli Imfae Mwendeshaji

(Matini ya mazungumzo yaliyotolewa katika mkutano wa wakazi wa kata kuhusu huduma za jamii. Yanachapishwa kwa ukamilifu kwa ajili ya wakazi ambao hawakuweza kuhudhuria.)

Mada ya leo ni ndogo kwa sura, walakini inagusa miili ya watu wengi. Inahusu baiskeli, na hasa namna ya kuirekebisha ili isimtese aliyeipanda.

Kila alfajiri barabara za kata hujaa baiskeli. Yupo mwalimu anayekwenda shule ya kijiji cha pili, yupo mhudumu wa afya ngazi ya jamii mwenye kaya za kutembelea, yupo muuza maziwa mwenye madumu mawili kwenye keria, na yupo mwanafunzi wa sekondari anayewahi kengele. Wakiulizwa mahali panapowauma jioni, mmoja atashika goti, mwingine kiuno, mwingine atakunjua vidole vilivyokufa ganzi, na mwingine atanyamaza kwa sababu mahali penyewe hapatajwi hadharani. Wakiulizwa sababu, watasema ni umri, au ni umbali, au ni ubovu wa barabara. Ni nadra sana kumsikia mtu akitaja urefu wa kiti.

Matokeo yake yanajulikana. Wapo wanaonunua diklofenaki dukani na kuimeza wiki baada ya wiki, ilhali dawa hiyo ikitumiwa kwa muda mrefu bila ushauri wa mganga huweza kuchubua tumbo na kudhuru figo. Wapo walioitundika baiskeli ghalani, na sasa hulipa bodaboda kwenda na kurudi kwa fedha ambayo ingenunua madaftari ya watoto. Watu hawa wote wanastahili kujua kwamba kabla ya dawa na kabla ya nauli ipo spana, na kwamba maumivu si ada ambayo kila mwendesha baiskeli hana budi kuilipa.

Hesabu ifuatayo itasaidia kuonesha ukubwa wa jambo. Mtu anayezungusha pedali mara 60 kwa dakika, katika safari ya dakika 40, hukunja kila goti mara 2,400. Akirudi jioni, zimekuwa 4,800. Kiti kilichokaa chini kwa vidole viwili hakimwumizi mtu katika mzunguko mmoja, wala katika mizunguko mia. Lakini kosa dogo likirudiwa mara 4,800 kwa siku, siku tano au sita kwa wiki, goti lazima lilalamike. Ndiyo maana baiskeli iliyo nzuri kwa kwenda dukani huweza kuwa adui wa mtu yuleyule akiitumia kwenda kazini.

Baiskeli zilizopo hapa ni za namna mbili kubwa. Ya kwanza ni ile nyeusi ya magurudumu ya inchi 28, inayotoka China au India: Phoenix ya Shanghai, Hero na Avon za Ludhiana, na nyingine za ukoo huo. Umbo lake halijaachana sana na Rover, baiskeli aliyoiunda John Kemp Starley huko Coventry, Uingereza, mwaka 1885. Ya pili ni baiskeli ya mbio, ile ya mtumba yenye tairi nyembamba na usukani uliopinda kama pembe za kondoo dume. Vijana wanaipenda kwa wepesi wake juu ya lami, na wana haki ya kuipenda. Walakini baiskeli hiyo iliundwa kwa mtu anayetaka kuinama ili akate upepo, na huko ilikotoka mnunuzi huchagua fremu kwa kipimo cha mwili wake kama achaguavyo viatu. Hapa mnunuzi huchukua iliyobaki kwenye kontena. Basi hutokea mtu wa kimo cha wastani akapanda fremu ya mtu mrefu, kisha akajilaumu kwa kukosa mazoezi.

Ukubwa wa fremu haurekebishwi. Mnunuzi na ahakikishe jambo hilo kabla ya kutoa fedha: asimame akiwa amepitisha mguu mmoja kila upande wa bomba la juu, nyayo zote mbili zikiwa chini. Bomba likigusa au kubana msamba, hakuna spana itakayomsaidia, na bei nafuu haitakuwa nafuu tena. Fremu ikiwa ya kadiri yake, mengine yote yanaweza kusogezwa.

Kiti kwanza

Watu wengi wanaoumia mikono huanza kuhangaika na usukani. Hilo ni kosa la mpangilio. Kiti ndicho kinachoamua mguu unyooke kiasi gani, kiuno kikae wapi, na uzito kiasi gani uangukie viganja. Usukani ukirekebishwa kabla ya kiti, itabidi urekebishwe tena.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache. Kwa baiskeli nyeusi, spana namba 13 au 14 kwa kawaida hutosha kulegeza nati ya bomba la kiti. Kwa baiskeli ya mbio hutumika funguo zile za umbo la herufi L, aghalabu namba 4, 5 au 6. Baiskeli iegemezwe ukutani mahali pa usawa, na mwendeshaji avae viatu anavyovivaa kila siku, si vile vya Jumapili.

Akishakaa juu ya kiti, aweke kisigino juu ya pedali na kuizungusha kinyumenyume mpaka ifike chini kabisa. Hapo mguu unapaswa kunyooka, kisigino kikiwa bado kinagusa pedali, na kiuno kisiwe kimeinama upande. Goti likibaki limejikunja, kiti kiko chini mno. Kisigino kikiachana na pedali, kiti kiko juu mno. Kipimo kikishapatikana, mwendeshaji ahamishe mguu na kukanyaga pedali kwa ile sehemu pana ya unyayo iliyo nyuma tu ya vidole, ndiyo ya kukanyagia siku zote. Goti sasa litajikunja kidogo kwenye sehemu ya chini ya mzunguko, na mkunjo huo mdogo ndio unaotakiwa. Kisha aende hatua chache barabarani, mtu mwingine amtazame kwa nyuma. Kiuno kikiyumba kulia na kushoto kwa kila mzunguko, kiti kishushwe kidogo.

Kipo pia kipimo cha kuhakiki, kwa wale wapendao hesabu. Mtu asimame pekupeku, mgongo ukutani, kitabu kikiwa kimebanwa katikati ya miguu na kugusa msamba kama vile amekalia kiti. Urefu kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu uzidishwe kwa 0.883. Mwenye sentimita 80 atapata sentimita 70.6, na huo ndio umbali wa kuanzia, kutoka katikati ya ekseli inayoshika mikono ya pedali hadi juu ya kiti, ukipimwa kwa kufuata bomba la kiti. Kipimo hiki kilienezwa na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda mashindano ya Tour de France mwaka 1986, 1989 na 1990. Kinafaa baiskeli ya mbio kuliko baiskeli nyeusi, kwa kuwa kiti cha springi hudidimia mtu akikikalia. Penye tofauti kati ya hesabu na kisigino, mwenye baiskeli nyeusi afuate kisigino.

Hapa hapana budi kuzungumzia hofu. Wakazi wengi hushusha kiti kwa makusudi ili wakiwa wamekaa nyayo zote mbili zifike chini. Hofu hiyo ina msingi, kwa maana barabarani kuna mabasi, mbuzi na watoto, na mtu anataka kujua kwamba akisimama ghafla hataanguka. Lakini kusimama salama hakutokani na kiti kifupi. Anayesimama hufunga breki, hutoka kwenye kiti kwa kusogea mbele, na kutua mguu mmoja chini. Ni jambo la kujifunza jioni moja katika uwanja wa shule. Mzee, au mtu aliyezoea kiti cha chini kwa miaka mingi, asikipandishe kwa siku moja. Apandishe nusu sentimita, aendeshe siku tatu au nne, kisha aongeze. Kwa muuza maziwa na mbeba magunia hesabu ni nyingine kidogo. Mzigo ukiyumba wakati wa kusimama huangusha mtu, na kwake kukubali kiti kilichoshuka kwa kidole kimoja ni busara, ingawa goti litalipa sehemu ya gharama.

Goti lenyewe husema kosa liko wapi. Maumivu ya mbele, kwenye pia ya goti au chini yake, mara nyingi hutokana na kiti kilicho chini mno au kilichosogezwa mbele mno. Maumivu ya nyuma ya goti mara nyingi hutokana na kiti kilicho juu mno. Maumivu ya pembeni, ndani au nje, yanahitaji kuchunguza namna mguu unavyokaa juu ya pedali, na kuichunguza pedali yenyewe. Pedali iliyopinda baada ya kuanguka huuzungusha mguu kwa namna isiyo ya asili. Katika baiskeli nyeusi iangaliwe pia kotapini, ile pini inayokaza mkono wa pedali kwenye ekseli. Ikilegea, mkono hucheza na kutoa mlio kila ukikanyagwa. Wengine wameuzoea mlio huo kiasi cha kuuona ni sehemu ya safari, nao ni taarifa.

Onyo moja kuhusu kupandisha kiti. Bomba la kiti lina alama ya mwisho wa kuvutwa, mistari midogo iliyochongwa au maneno. Alama hiyo lazima ibaki ndani ya fremu. Pasipo na alama, urefu wa bomba unaobaki ndani usipungue upana wa vidole vinne. Bomba likivunjika mtu akiwa mteremkoni, jeraha lake haliwi dogo.

Baada ya urefu huja kusogeza mbele na nyuma. Timazi ya mwashi hufaa sana hapa, na asiye nayo afunge jiwe kwenye uzi. Mikono ya pedali ikiwa imelala sawasawa na ardhi, uzi ukishikwa chini tu ya pia ya goti la mbele, jiwe linapaswa kuangukia karibu na ekseli ya pedali. Kipimo hiki si sheria. Ni mahali pa kuanzia. Katika baiskeli nyeusi bomba la kiti limelala zaidi, kwa hiyo goti litaangukia nyuma kidogo, na hakuna haja ya kulilazimisha. Kinachopaswa kuepukwa ni tabia ya kusukuma kiti mbele kwa sababu usukani uko mbali. Anayefanya hivyo huondoa maumivu mgongoni na kuyapeleka gotini.

Mahali pasipotajwa

Sasa ifike sehemu ambayo wengi huinyamazia. Mtu hukaa juu ya baiskeli kwa mifupa miwili ya makalio, na mifupa hiyo imeumbwa kubeba uzito. Katikati yake, kwenye msamba, hupita mishipa ya damu na mishipa ya fahamu inayohudumia sehemu za siri, nayo haikuumbwa kubeba uzito. Ncha ya kiti ikiwa imeinuka, mwili hukalia mahali hapo pasipostahili, na baada ya mwendo huja ganzi. Ganzi hiyo si jambo la kuzoea wala la kuona haya. Ni ishara kwamba damu na fahamu zinabanwa.

Tiba ya kwanza ni kukilaza kiti sawa. Kwa hili mwananchi aazime pimamaji kwa fundi ujenzi, aiweke chini kwanza kuhakikisha kwamba mahali penyewe ni pa usawa, kisha aiweke juu ya kiti kwa urefu wake. Ncha inaweza kushushwa kidogo sana kwa mtu ambaye usawa haukumtosheleza. Ikishushwa kupita kiasi, mwili utateleza mbele siku nzima, na viganja vitabeba kilichokataliwa na kiti.

Tiba ya pili ni upana. Ipo njia rahisi ya kujua upana unaomfaa mtu: achukue kipande cha boksi la katoni, akiweke juu ya kigoda kigumu, akikalie kwa dakika moja huku ameinama kidogo. Akiinuka ataona mabonyeo mawili. Umbali kati ya katikati ya bonyeo moja na jingine ndio umbali wa mifupa yake, na kiti kinapaswa kuwa kipana kuuzidi kidogo. Nyonga za wanawake kwa kawaida ni pana zaidi, na kwa hiyo kiti chembamba cha baiskeli ya mbio, ambacho aghalabu kimetengenezwa kwa mwanamume, huwaumiza wengi wao hata kikiwa kimewekwa sawasawa. Mama anayetumia baiskeli hiyo asiambiwe avumilie. Abadilishe kiti.

Na lipo kosa la huruma, yaani kuongeza sponji. Mtu akiumia hufunga kipande cha godoro juu ya kiti. Siku ya kwanza hupata raha. Baadaye mifupa huzama ndani ya sponji, na sponji ya katikati hupanda na kuubana msamba kuliko hapo awali. Kiti kigumu kiasi, chenye upana sahihi na kilicholala sawa, hushinda kiti laini katika safari yoyote inayozidi nusu saa.

Ganzi isiyoondoka baada ya kushuka, damu kwenye mkojo, au kidonda kisichopona ni mambo ya zahanati, wala si ya spana. Mgonjwa amweleze mganga waziwazi kwamba anaendesha baiskeli na kwa muda gani kila siku. Taarifa hiyo humwepusha mganga na kutafuta ugonjwa mahali usipokuwepo.

Mikono, shingo na mgongo

Vidole vinavyokufa ganzi vina lugha yao pia. Ganzi ikiwa kwenye kidole cha mwisho na nusu ya kidole cha pete, mshipa wa fahamu unaopita upande wa nje wa kiganja ndio unaobanwa na usukani. Ikiwa kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, unaobanwa ni ule wa katikati ya kifundo, na mara nyingi kifundo kimekunjwa mno. Vyote viwili husema kwamba mikono imebeba uzito mwingi au imekaa vibaya. Kiti kikishakuwa sawa, ndipo usukani uguswe.

Mwendeshaji aliyekaa vizuri huwa na viwiko vilivyolegea, vimejikunja kidogo. Mikono ikinyooka kama fimbo, kila shimo la barabara hupanda moja kwa moja hadi shingoni. Jaribio lake ni hili: baiskeli ikiwa imeshikiliwa na mtu mwingine, mwendeshaji ainue viganja kidogo kutoka kwenye usukani bila kubadili mkao. Akiporomoka mbele, usukani uko mbali au uko chini kuliko mwili wake unavyoweza.

Kuupandisha usukani wa baiskeli nyeusi, bolti ya juu hulegezwa mizunguko michache bila kutolewa, kisha hugongwa kwa nyundo ya mbao ili kabari iliyo ndani iachie. Usukani huvutwa kwa kadiri inayotakiwa, bila kuvuka alama yake, hunyooshwa sawa na gurudumu na kukazwa. Kabla ya kupanda, gurudumu la mbele libanwe kwa magoti na usukani ujaribiwe kwa nguvu. Ukizunguka peke yake, haujakazwa. Kisha zikaguliwe breki. Hili linasahauliwa na watu wazima na mafundi pia. Breki za vyuma hufuata usukani, kwa hiyo usukani ukipanda, vyuma navyo huvutwa, na breki zinaweza kushika gurudumu au kukosa nguvu. Virekebishwe palepale. Penye waya, ihakikishwe kwamba hausukumwi wala kuvutwa usukani unapokatwa kushoto na kulia.

Baiskeli nyingi mpya za mbio hazina kabari. Urefu wa usukani hutokana na ringi zilizo chini ya shingo yake, na ringi zilizo juu zinaweza kuhamishiwa chini, au shingo yenyewe ikapinduliwa ili itazame juu. Kazi hiyo ni afadhali ifanywe na fundi anayeijua, kwa sababu bolti zikikazwa kwa mpangilio usio sahihi, uma wa mbele hubaki unacheza. Jambo moja ambalo kijana anaweza kulifanya bila fundi ni kubadili mahali pa kushika. Wengi hushika sehemu ya chini ya pembe wakidhani ndio uendeshaji halali. Sehemu za juu ziliwekwa ili zitumike, na mikono inapaswa kuhama kila baada ya dakika chache.

Kwa baiskeli ya aina yoyote, mpira wa ndani uliochakaa, ukikatwa mikanda na kuzungushiwa kwenye mishiko, hupunguza mtetemo na kuongeza unene wa kushika. Ni dawa inayopatikana kwa kila fundi, tena kwa kawaida bila malipo.

Barabara nayo ina sehemu yake. Barabara ya changarawe iliyojikunja kama bati hutikisa mwili hata juu ya baiskeli iliyorekebishwa vema, na malalamiko kuhusu barabara za wilaya yapelekwe kwa maandishi katika ofisi ya kata ili yafikishwe TARURA, wakala uliokabidhiwa barabara hizo mwaka 2017. Wakati marekebisho yakisubiriwa, tairi ndilo godoro la kwanza. John Boyd Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, alipata hataza ya tairi la upepo mwaka 1888 baada ya kuhangaikia baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe iliyokuwa ikimtikisa. Raha ndiyo iliyokuwa chanzo cha tairi hilo. Leo wengi hulijaza mpaka liwe gumu kama jiwe, kwa kuamini kwamba namba iliyochapwa ubavuni ni amri. Namba ile ni kikomo cha juu. Kwenye changarawe, mtu mwepesi asiye na mzigo anaweza kupunguza upepo kidogo na mikono yake ikashukuru. Asipunguze mno, kwani mpira utabanwa kati ya jiwe na rimu na kutoboka matundu mawili kwa mkupuo. Mwenye mzigo ajaze.

Kuhusu viatu, maneno machache yatatosha. Kandambili hujikunja juu ya pedali na kuchosha unyayo, tena huteleza wakati wa mvua. Katambuga, kwa soli yake ya tairi la gari, haijikunji kirahisi, na kwa kazi hii inaishinda kandambili kwa mbali.

Kubadili kimoja kimoja

Mtu aliyesikia haya yote anaweza kurudi nyumbani na kulegeza kila nati jioni ileile. Asifanye hivyo. Akibadili kiti, usukani na upepo kwa siku moja, kesho akiumia hatajua alaumu kipi. Abadili kitu kimoja, kwa nusu sentimita au chini ya hapo, aendeshe siku chache katika njia yake ya kawaida, kisha aamue. Mwili uliozoea mkao mbaya kwa miaka huweza kulalamikia mkao mzuri kwa siku mbili tatu za mwanzo. Uchovu mpya wa misuli ya paja ni wa kawaida na huisha. Maumivu makali ya kiungo, au goti lililovimba, hayasubiriwi. Huyo aache baiskeli na kwenda zahanati.

Mwananchi anapokwenda kwa fundi, aende na maelezo. Asiseme tu kwamba baiskeli inaumiza. Aseme ni goti lipi, mbele au nyuma, baada ya mwendo gani, tangu lini. Na aipande palepale mbele ya fundi ili atazamwe. Fundi aliyezoea kuziba pancha anaweza kuipima miguu ya mtu akiombwa, lakini hawezi kuipima baiskeli iliyoachwa kibandani na mwenyewe akaenda sokoni.

Limebaki suala la kaya zenye baiskeli moja na waendeshaji wawili au watatu, na kaya za namna hiyo si chache. Baba huitumia alfajiri kwenda shamba, binti huichukua kwenda sekondari. Kiti huwekwa kwa kipimo cha baba, na binti hukanyaga pedali kwa ncha za vidole, kiuno kikiyumba kilomita zote. Au huwekwa kwa kipimo cha binti, na baba hulalamikia magoti. Hakuna sababu ya mmoja wao kuteseka. Kila mmoja apimwe kwa kisigino, na kipimo chake kiwekewe alama kwenye bomba la kiti kwa rangi ya kucha, nyekundu kwa baba na nyeupe kwa binti. Bomba lipakwe grisi kidogo, kwa sababu likishika kutu ndani ya fremu halitashuka tena. Nati ya kiti itachakaa kwa kufunguliwa kila siku, basi inunuliwe ya akiba. Usukani, ambao haubadilishwi kila siku, uwekwe kwa kumfikiria aliye mfupi, maana mrefu huvumilia usukani ulio karibu kwa urahisi zaidi kuliko mfupi anavyovumilia ulio mbali. Ikiwa kiti kimeshushwa hadi mwisho na kisigino cha binti bado hakifiki, baiskeli hiyo si ya kimo chake, na kaya ifikirie kuibadilisha kwa yenye fremu ndogo, ile isiyo na bomba la juu. Na spana ifungwe kwa kamba chini ya kiti, namba ileile ya nati hiyo, kwa kuwa asubuhi ya siku ya shule hakuna anayepata muda wa kwenda kuiazima kwa jirani.